Kijiko cha Mama na Diski za Baba Zuhura

Ijumaa ile bado naiona, mwanangu: niliifuta kompyuta ya mama yangu yote, ikabaki tupu kama darasa wakati wa likizo, halafu ndipo nikaanza kutafuta diski ya kuifufua. Sikia tena hiyo. Kufuta kwanza, kutafuta baadaye. Mtu mwenye akili hubomoa jiko lake akiwa na mahali pengine pa kupikia. Mimi nilibomoa, nikakaa juu ya majivu, nikaanza kuuliza moto unauzwa wapi.

Najua unacheka kwa sababu nakuita mwanangu. Wewe uko mwaka wa kwanza wa sekondari, mimi niko mwaka wa mwisho, na kidevu changu kina nywele ambazo ukisimama upande wa dirisha utaziona. Hiyo inatosha kuwa mzee hapa shuleni. Tena jana ulinijia mwenyewe na furushi la diski tupu, ukaomba nikufundishe kuchoma mfumo mpya kwa ajili ya zile kompyuta kuukuu za maabara ambazo hazitaki kusikia habari za flashi. Nitakufundisha. Lakini kaa kwanza, mzee aongee.

Sisi tunakaa mtaa wa Gitega, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka la mama. Mama ni fundi wa nguo. Wakati ule mimi niko mwaka wa pili, na yeye alikuwa ameipata mashine ya kutarizi, ile inayoandika majina kwenye kitambaa kwa uzi. Mashine hiyo haikufanya lolote bila kuamriwa na kompyuta moja ya mezani, nzito, inayopumua kama mtu mwenye pumu. Kazi yake kubwa ya kwanza ilitoka madrasa: kanzu za watoto wa mahafali, kila kanzu na jina la mwenyewe kifuani. Mahafali ni Jumapili. Ilipofika katikati ya wiki, kompyuta ikaanza kuganda. Ukibonyeza herufi, unaiona baada ya kumaliza chai.

"Niachie mimi, Mama," nikasema. "Ni kuweka mfumo mpya tu."

"Una hakika?"

"Mama! Ni mimi!"

"Ndiyo maana nauliza."

Jambo moja la akili nililifanya: majina ya watoto na michoro ya mama niliinakili kwenye flashi kabla ya kufuta. Mengine yote yalikuwa ujinga. Baada ya kufuta ndipo nikagundua kwamba kompyuta ile, kwa uzee wake, haikubali kuamshwa na flashi. Inaijua diski tu. Ukiichomekea flashi inakuangalia kama bibi anayeonyeshwa simu ya kupangusa.

Kwa hiyo nikaazima laptopu ya binamu yangu pamoja na kichomea diski cha pembeni, nikashuka kwa Baba Zuhura kununua diski tupu.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, mwanangu, kwa sababu wewe wakati wa diski hukuukuta. Baba Zuhura ana kibanda cha mbao kwenye mteremko wa kwenda msikitini, na kibanda hicho ndicho kilichokuwa sinema ya Gitega nzima. Nilipokuwa mdogo alining'iniza diski mbovu mlangoni kwa nyuzi, na jua la alasiri likizipiga, rangi zinatembea ukutani, nasi watoto tunazikimbiza kwa viganja, tunapigana, wa nyekundu huyu, wa kijani yule. Ndani alikuwa na filamu zilizotafsiriwa kwa Kinyarwanda, zile ambazo kuna mtu mmoja anaongea kwa ajili ya wote, mwanamke, mtoto, jambazi, hata mbwa, na jambazi akikosea njia mtafsiri anamtukana. Baba yangu anaendesha lori la mizigo mpaka Dar es Salaam. Akirudi safari, kabla hata ya kuoga, alinibeba mabegani tukaenda kwa Baba Zuhura kuchagua filamu. Jioni tunakaa wote mkekani. Diski ikikwama, baba anaitoa, anaipulizia pumzi, anaifuta kwa kitenge cha mama, anairudisha, na sisi tunashusha pumzi kama jamaa wa mgonjwa aliyefumbua macho. Siku hizi kila mtu nyumbani kwetu ana simu yake na kona yake. Filamu hazikwami tena. Na mimi, sijui kwa nini, nakumbuka zaidi zile zilizokwama.

Basi. Nilinunua furushi la diski, nikarudi, nikaweka laptopu kwenye meza ya mama, kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa na plagi iliyo wazi ni ya pale tu. Ile meza ni ndefu, ya mbao, ya marehemu babu. Upande mmoja mama anakata vitambaa. Upande wa pili kuna cherehani yake ya mota, ambayo ikianza kushona hata paka anahama.

Sikiliza vizuri, hapa ndipo somo lako lilipo. Tunasema kuchoma, ingawa hakuna moshi: ni mwanga mwembamba unaoandika juu ya bamba linalozunguka kwa kasi. Faili la mfumo huliburuti tu kwenye diski kama wimbo. Ukifanya hivyo, kompyuta itaona kabati lenye sanduku lililofungwa, haitajua pa kuanzia. Unaiambia programu kwamba hii ni picha ya diski nzima, nayo inaifungua na kuiandika kila kitu mahali pake. Hilo nililijua, usinidharau. Faili langu lilikuwa kubwa mno, linaijaza diski mpaka ukingoni, na kazi kama hiyo inachukua muda. Nikabonyeza, nikajimiminia chai, nikasubiri.

Karibu na mwisho ikakataa. Kosa la kuandika. Nikaweka nyingine. Ikaenda vizuri, ikafika kule kule ukingoni, ikakataa. Ya tatu hivyo hivyo. Mama anashona, na kila nikitoa diski anaiangalia kanzu moja tupu aliyoitundika ukutani. Jina la mtoto lingekaa pale kifuani.

Katikati ya msiba huo nikaona kichekesho. Kijiko kilichokuwa ndani ya glasi yangu ya chai kilikuwa kinacheza. Mama akikanyaga cherehani, kijiko kinatetemeka, kinagonga glasi, ting ting ting, kinazunguka kama bibi harusi. Akiachia, kinasimama. Nikakipiga video. Nyuma ya glasi unaona taa ya kichomea diski ikiwakawaka. Kumbuka hiyo taa, mwanangu. Mimi sikuikumbuka.

Diski nyingine ilipokufa nikazikusanya maiti zote, nikashuka nazo kwa Baba Zuhura. Kulikuwa na kina mama wawili wanachagua nyimbo za harusi.

"Baba Zuhura, diski zako feki!"

"Punguza sauti, mwanangu. Diski iko muzuri. Lete nione."

"Uone nini? Zimekufa kabla ya kuzaliwa!"

Kina mama wakacheka. Na mimi, mwanangu, nina ugonjwa: mtu akicheka, siwezi kuacha. Nikaendelea. Nikasema diski zake zifungwe kwenye baiskeli ziwe matairi, nikasema awauzie watu kama visahani vya vikombe. Yeye alinyoosha mkono tu apokee moja aitazame, na mkono ukabaki pale hewani, kwa sababu sikumpa.

Nyumbani nikaiweka ile video kwenye kundi la simu la mtaa wetu, na chini yake nikaandika: "Hata kijiko cha mama kinajua kuzunguka. Diski za Baba Zuhura hazijui." Kabla ya swala ya isha Gitega nzima ilikuwa inakijua kijiko chetu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Unajua ilivyo: maduka yamefungwa, barabara kimya, kila nyumba inatoka na jembe au fagio kufanya kazi ya mtaa. Mama ananiita mlangoni, mimi niko bado kwenye laptopu. Diski moja ilikuwa imebaki furushini. Nikaitia, nikabonyeza, si kwa matumaini. Niliitaka ife nipate ushahidi wa mwisho. Mama akafunga mlango, tukaondoka.

Tulikuwa tunazibua mtaro. Nilipangwa karibu na Baba Zuhura, na vijana wakipita wanamwambia, "Mzee, leo umekuja na kijiko?" Yeye anachimba. Kazi ilipoisha tukakusanyika kwa mkutano wa mudugudu, yaani wa kitongoji chetu, tumesimama na majembe yetu, matope mpaka magotini. Mwalimu Idi, wa madrasa, akatangaza mahafali ya kesho. Mzazi mmoja akauliza kama picha za video zitapatikana, maana bibi na babu wao hawana simu, wana deki za diski tu.

"Zitapatikana," akasema Mwalimu Idi. "Diski atatutengenezea Baba Zuhura, kama kila mwaka."

Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikapaza sauti kutoka nyuma:

"Basi mtugawie na vijiko, tuangalie vijiko!"

Mkutano ukalipuka. Watu wazima, majembe mkononi, wanafuta machozi. Mama yangu mwenyewe nilimwona akificha mdomo kwenye kitenge. Mwalimu Idi naye alitabasamu, akajikuna kidevu, akasema, "Haya, haya. Labda mwaka huu tutafute mjini. Tusije tukawaudhi wazee." Wakaendelea na habari za taka.

Nilimwangalia Baba Zuhura. Alikuwa anagonga jembe lake kwenye jiwe kuondoa matope. Jembe lilikuwa limeshatakata. Akaendelea kuligonga.

Tuliporudi, mama akaenda kunawa, mimi nikaenda mezani kuchukua maiti yangu ya mwisho. Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa: imekamilika, na kuhakikiwa, hakuna kosa. Nikafikiri programu inanitania. Nikaitia diski kwenye kompyuta ya mama. Ile mashine ya pumu ikakohoa, ikazungusha, ikaamka, ikaniuliza ninataka lugha gani.

Furushi moja. Kichomea kimoja. Meza moja. Mimi sikuwepo, ndiyo tofauti pekee niliyoiona mwanzoni, na haikunifurahisha. Halafu mama akaingia, akakaa, akakanyaga cherehani kumalizia pindo. Ting ting ting. Glasi ya jana ilikuwa bado pale.

Nikatoa simu, nikaitazama video yangu. Kijiko kinacheza, na nyuma yake taa ya kichomea inawakawaka. Ule mwanga mwembamba ulikuwa unajaribu kuandika mistari iliyo karibu kuliko nyuzi za kanzu, juu ya meza inayoruka. Wimbo mmoja mmoja niliwahi kuchoma pale bila shida, kwa sababu unaishia karibu na katikati na kazi ni fupi. Lakini faili kubwa linakwenda mpaka ukingoni, ambako bamba linayumba zaidi, na hapo ndipo mama alipokuwa anashona na kushona, anawahi kanzu. Asubuhi ile mashine zote za Gitega zilikuwa zimelala. Ushahidi niliupiga mwenyewe, nikaurusha mtaa mzima, watu wakaucheka, na hakuna aliyeuona. Hata mimi niliyeupiga.

"Imepona?" mama akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Imepona."

"Alhamdulillahi. Hiyo diski umeipata wapi leo, na kila mahali wamefunga?"

Nikwambie ukweli, jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, limeoga na limevaa viatu. Kwa binamu. Nani angejua? Kanzu zitashonwa, mahafali yatafanyika, diski zitanunuliwa mjini, na mimi nitabaki mchekeshaji wa mtaa. Lakini lile jembe lilikuwa bado linagonga masikioni mwangu.

"Ni ya Baba Zuhura," nikasema. "Zote zilikuwa nzima. Ni meza." Nikamwonyesha video.

Mama aliitazama mara mbili. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alikichukua kijiko kutoka kwenye glasi, akakikung'uta, akaniwekea mkononi.

"Watu wote wamecheka isipokuwa mmoja," akasema. "Hata mimi nimecheka, Mungu anisamehe. Anza kwa Mwalimu Idi, kisha nenda kwa Baba Zuhura. Na kijiko changu usinirudishie mpaka na yeye acheke."

Kwa Mwalimu Idi ilikuwa rahisi, ukiondoa aibu. Nilimkuta ukumbini anapanga viti, nikamwonyesha video na diski iliyopona. Akaniambia, "Ulilisema mkutanoni, sivyo? Basi usininong'oneze mimi." Kwa hiyo kesho yake kwenye mahafali, watoto wamekaa na kanzu zao, majina yanang'aa kifuani, akaniita mbele ya wazazi nikaeleza. Nilijaribu kuweka mzaha katikati. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kushukuru kwa hilo. Kazi ya diski ikarudi kwa Baba Zuhura.

Lakini Baba Zuhura mwenyewe hakucheka. Nilipompelekea habari na kijiko, akasema, "Sawa, mwanangu, imekwisha," kwa ile sauti ya mtu ambaye kwake haijaisha. Nikamwambia nitamsaidia kuchoma diski za mahafali kila nikitoka shule. Akanionyesha kigoda.

Ndivyo nilivyokaa kwenye kibanda kile, kijiko mfukoni mwa sare. Nilimpigia mizaha yangu yote mizuri. Ile ya padri na pikipiki, ile ya mwalimu wa hesabu, zote. Alikuwa anajibu, "Enhe," kama daktari. Lakini kati ya diski na diski alikuwa anasimulia. Jinsi alivyokuja kutoka Bujumbura na deki moja kwenye gunia la mchele. Jinsi wateja walivyokuwa wakimsubiri alfajiri filamu mpya ikitoka. Jinsi Zuhura, binti yake, alivyojifunza kusoma kwa kusoma majalada. Nami nikagundua kwamba meza yake aliiweka juu ya vipande vya ndala kuukuu, kimoja kila mguu, tangu zamani. Angeniambia tatizo langu Ijumaa ile ile, kama ningemkabidhi ile diski aliyoinyooshea mkono.

Alasiri moja mzazi alikuja kuchukua nakala yake. Mimi ndiye fundi, Baba Zuhura amekaa tu. Nikaitia diski, nikabonyeza, nikakunja mikono. Mtambo ukasema: weka diski. Nikabonyeza tena. Weka diski. Nikamgeukia yule mzazi, nikamwambia kwa sauti nzito kabisa, "Usijali, mtambo unafikiri." Tukasubiri. Nikamweleza habari za mwanga na ukingo wa bamba. Nikamweleza habari za mitetemo. Mtambo ukaendelea kusema: weka diski. Mzazi akaangalia saa.

Nyuma yangu nikasikia kitu kama deki ya zamani inayowaka. Nikageuka. Baba Zuhura alikuwa ameshika ubavu, mabega yanaruka, machozi yanatoka.

"Mtambo unafikiri!" akasema, akashindwa, akaanza tena. "Mwanangu, mtambo unafikiri... wewe diski umeiweka chali!"

Ilikuwa kweli, upande wa maandishi chini na upande unaong'aa juu. Yeye aliona tangu mwanzo, na alikuwa anajizuia tangu mwanzo. Alicheka mpaka jirani wa duka la sabuni akaja kuuliza kuna nini, na ikabidi asimuliwe, na mimi nikasimama pale nikachekwa, na jua likipita kwenye diski za mlangoni, rangi zilikuwa zinatembea ukutani kama zamani.

Sasa nasaha, maana bila nasaha mzee ni mpiga kelele tu. Usifute kabla hujaishika mkononi diski iliyohakikiwa. Picha ya mfumo ichome kama picha, taratibu, usiichome kwa kasi ya mwisho, na kwenye meza isiyo na cherehani. Ikishindwa, chunguza kilicho karibu nawe kabla ya kumlaumu aliyeko mbali. Mtu akinyoosha mkono akisema lete nione, mpe aone. Na mzaha, mwanangu, mzaha ni mtamu, sikukatazi, ningekukatazaje mimi? Lakini watu wakicheka, hesabu nani hacheki. Huyo ndiye wa kumwendea.

Mungu akupe diski zisizo na mkwaruzo na umeme usiokatika. Akupe meza iliyotulia na marafiki wanaoruka kwa kicheko. Akujalie kuchekwa siku moja na mtu uliyemkosea, mbele ya watu, alasiri, kwa ujinga wako mwenyewe. Sijui furaha nyingine inayofanana nayo.

Jioni ile nilipanda mteremko mbio, nikamkuta mama kwenye cherehani, nikamwekea kijiko mezani. "Amecheka, Mama." Hakuinua hata macho kwenye kitambaa. Alichosema, neno kwa neno, ni hiki:

"Kioshe. Halafu mimina chai ukae hapa karibu nami, na siku nyingine ukikiona kinacheza, niambie mimi kwanza."